Saa 163 na njia tatu: R44 ya tajiri Mbeya, hanga la Arusha, au ualimu ughaibuni

Kijana mmoja wa Uyole alinipigia simu mwezi uliopita, mimi rubani wa helikopta mwenzake. Amerudi kutoka Afrika Kusini na leseni ya rubani wa biashara wa helikopta, saa 163 kwenye logibuku, kile kitabu cha kuandikia saa za kuruka, na deni la familia ambalo nyumbani hakuna anayelitaja. "Dada," akaniambia, "nimepata njia tatu. Nishike ipi?"

Ya kwanza iko palepale nyumbani. Mfanyabiashara wa mchele kutoka Mbarali anataka kununua helikopta ndogo ya R44 iliyotumika, na anamtaka kijana awe rubani wake, akae Mbeya, alipwe kila mwezi kuanzia siku mashine itakapofika. Ya pili ni kampuni ya helikopta Arusha. Wamemwambia aje afanye kazi hanga, yaani kwenye banda la kuegesha na kutunzia ndege: aoshe mashine, ajaze mafuta, apokee abiria, na habari ya kuruka itazungumzwa baadaye. Ya tatu ni chuo alikosomea. Wamemwambia akiongeza cheti cha ualimu wa urubani, wanaweza kumfikiria.

Tulizungumza karibu saa mbili. Nayaandika hapa kwa sababu huku Nyanda za Juu Kusini hatuna wa kumuuliza. Watoto wa Mbeya, Iringa na Njombe wanaiona chopa wakati wa kampeni au kiongozi anapokuja ziara. Inatua uwanja wa shule, vumbi linatimka, inaondoka, na rubani wake hakai muda wa kutosha kuulizwa alianzia wapi.

Saa 163 zinafungua mlango gani

Viwango vya kimataifa vya ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, vinataka saa 150 za kuruka ili upate leseni ya biashara ya helikopta, au 100 kama umesoma kozi moja iliyoidhinishwa toka mwanzo hadi mwisho. Leseni ya ngazi ya juu, ile ya rubani wa usafirishaji, inaanzia saa 1,000. Ajira nyingi ziko karibu na hiyo 1,000. Helikopta zinazobeba watalii na wagonjwa Afrika Mashariki nyingi ni za injini ya tabaini, hasa AS350, ambayo siku hizi inaitwa H125, na anayeamua nani azirushe si mwenye kampuni peke yake. Bima inaandika kwenye mkataba saa ambazo rubani lazima awe nazo, na mara nyingi ni 500 au 1,000. Meneja anaweza kukupenda kama mwanawe wa kumzaa. Bima ikikataa, hana la kufanya.

Lakini jumla ya saa siyo kitu cha kwanza wanachoangalia. Usaili wangu wa kwanza ulifanyika kwenye meza ya chuma ndani ya hanga, rubani mkuu akiwa bado na glavu mkono mmoja. Alichukua logibuku yangu, akaruka kurasa zote mpaka ule wa mwisho wenye maandishi, akaweka kidole kwenye tarehe. "Tangu mwezi wa pili mpaka leo ulikuwa wapi?" Siku hiyo ilikuwa mwezi wa tisa. Nilikuwa nyumbani Mafinga, nikituma barua pepe kila Jumatatu. Hakunisema vibaya. Alinirudishia kitabu kwa mikono miwili, akanishukuru kwa kuja, na nikajua imeisha.

Tangu hapo sipimi kazi ya kwanza kwa mshahara wala kwa uzuri wa mashine. Naipima kwa pengo: ukishika njia hii, zitapita siku ngapi kati ya mara ya mwisho uliporuka na mara inayofuata, na katika siku hizo nani atakuwa anakuona kazini? Sheria nayo inahesabu hivyohivyo. Ili ubebe abiria, uwe umepaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90 zilizopita. Cheti cha afya cha daraja la kwanza kinaisha baada ya miezi 12, uwe umeruka au hukuruka.

R44 ya tajiri

Hii ndiyo inayovutia kuliko zote, na ndiyo iliyonifanya ninyamaze kidogo kwenye simu. Mama yake ameshaambiwa. Mtoto atarusha ndege Mbeya, atalala nyumbani, Jumapili ataonekana kanisani. Baada ya mashamba kuuzwa kwa ajili ya ada, nani atakataa? Mimi baba yangu alikata miti yake ya misonobari ikiwa na miaka kumi, kabla haijakomaa, ili nikasome. Najua namna wazazi wanavyosubiri.

Nilimwomba achukue kalamu. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, futi 5,600 hivi. Katika kimo hicho, joto la hewa linalochukuliwa kuwa la kawaida kwenye hesabu za urubani ni nyuzi 4. Mchana wa Oktoba unaweza kufika nyuzi 26. Tofauti ni 22, na kila nyuzi moja inaongeza kama futi 120. Zidisha, unapata 2,640. Jumlisha na zile 5,600. Maana yake helikopta iliyosimama Mbeya mjini saa nane mchana inafanya kazi kama iko futi 8,240: hewa nyepesi, injini inavuta kidogo, mapanga yanashika kidogo. Ukipanda Kitulo, mita 2,600, siku yenye nyuzi 18 tu, hesabu hiyohiyo inakufikisha karibu futi 10,900.

Uwanja wa Songwe, uliochukua nafasi ya ule wa zamani wa mjini mwaka 2012, uko chini zaidi, na hiyo ni nafuu kubwa. Ila tajiri hanunui helikopta ili atue Songwe. Anaitaka itue kwenye kinu chake cha mpunga, kijijini kwenye msiba, shambani kwa rafiki yake Umalila juu ya mteremko. R44 ina viti vinne na uzito wake wa juu wa kuruka hauzidi kilo 1,134. Mwenye mali ataona viti vinne, atataka twende wanne. Rubani ndiye atakayesimama mbele ya watu na kumwambia bosi wake kwamba leo tunakwenda wawili, na tanki si la kujaza.

Kuna jambo lililomshtua kijana, ingawa limo kwenye kitabu cha mashine aliyosomea. Tangu 1995, baada ya ajali za R22 na R44 kurudiarudia, mamlaka ya anga ya Marekani iliweka masharti kwa rubani ambaye hajafikisha saa 200 za helikopta, 50 kati ya hizo zikiwa kwenye aina hiyo ya mashine. Haruhusiwi kuruka upepo wa chini ukizidi noti 25, yaani kilomita 46 kwa saa. Haruhusiwi pia dharuba zikipishana kwa zaidi ya noti 15, wala haruhusiwi kuendelea na safari hewa ikianza kuitikisa mashine kwa nguvu ya wastani. Sababu ni mapanga mawili yanayobembea kwenye kichwa cha mhimili. Hewa ikiiondolea mashine uzito ghafla na rubani akasukuma usukani vibaya, kichwa cha mapanga kinagonga mhimili, na ukigongwa hakuna tena cha kuokoa.

Kijana ana 163. Mtu aliyekulia Uyole hahitaji kuelezwa upepo wa Agosti unaoshuka kutoka milima ya Uporoto.

Halafu mashine yenyewe. R44 inatakiwa kufunguliwa yote na kujengwa upya ikifika saa 2,200 au miaka 12, lolote litakalotangulia. Ndiyo sababu yenye miaka 11 inauzwa bei ya kuvutia, na dalali hatakuambia mpaka uulize. Nilimuuliza hiyo ya tajiri imetengenezwa mwaka gani. Hakujua. Fundi mwenye leseni ya aina hiyo atatoka wapi? Hakujua. Inatumia avgasi, petroli ya ndege ndogo, siyo mafuta ya ndege kubwa, kwa hiyo itabidi yaletwe kwa mapipa na yatunzwe yasiingie maji. Na siku rafiki wa tajiri atakapotoa hela ili apelekwe mahali, hiyo siyo ndege binafsi tena. Ni biashara inayohitaji cheti cha TCAA, mamlaka ya anga ya Tanzania, na leseni itakayokuwa hatarini ni ya kijana.

Kwa mtazamo wa pengo, njia hii inaonekana haina pengo hata kidogo. Ukiichungulia ndani linaonekana. Kipuri kikikosekana mashine inalala wiki sita. Tajiri akisafiri, inalala. Mvua ya masika na ukungu ukikaa juu ya safu za milima, inalala, au ndiyo unaambiwa "twende tu, mbona huku kweupe". Na siku zote hizo hakuna rubani mkubwa anayekutazama, hakuna wa kukuambia jana ulitua kwa kasi mno. Ni wewe, saa 163, na mtu anayekulipa mshahara ameketi kando yako.

Naitaka kazi hii iwepo Mbeya, kwa moyo wote. Naitaka kwa rubani wa saa 800 aliyekwisha kukataa safari mara kumi.

Hanga la Arusha

Ukiilinganisha na R44, hii inaonekana kama kushuka cheo. Mtu ana leseni ya biashara, anapewa ndoo na kitambaa. Mshahara ni wa kula na kulala, na mama hatakuwa na la kuwaambia majirani.

Mimi nilikaa hanga miezi 14. Nitaeleza asubuhi moja. Saa kumi na moja na nusu unasukuma pipa la lita 200, unaingiza pampu ya mkono, lakini kabla ya kupampu unachota kidogo kwenye chupa safi ya kioo na kuinyanyua kwenye mwanga. Maji yakiwemo yanakaa chini, kama tone la gundi. Siku moja yalikuwemo. Rubani mkuu aliiangalia ile chupa, akaangalia pipa, akasema safari inaahirishwa. Mgeni alikuwa ameshafika na mabegi yake, amekasirika, na simu zilikuwa zinapigwa kutoka ofisini. Nilisimama pale na pampu mkononi nikitazama namna mtu mzima anavyokataa bila kupandisha sauti. Chuoni hatukufundishwa hilo, na kwenye R44 ya tajiri hakuna ambaye angenionyesha.

Pengo la hanga ni kubwa, nisikufiche. Unaweza kumaliza miezi mitano hujagusa usukani. Kinachobadilika ni swali la pili, nani anakuona. Wanakuona kila siku, wanajua unachelewa au huchelewi, wanajua ukikosea unasema au unaficha. Nafasi ya kuhamisha mashine kutoka kituo kimoja kwenda kingine bila abiria ikitokea, jina linalokuja kwanza ni la aliye karibu. Ndivyo nilivyoanza.

Kwa hiyo masharti ya kuomba kabla ya kukubali ni machache lakini yawe kwenye maandishi. Uliza mtu wa mwisho aliyetoka hanga kwenda kwenye kiti cha rubani alikuwa nani na ilimchukua muda gani, kisha mtafute mwenyewe umsikie. Kama hakuna aliyewahi kutoka, wanatafuta mfanyakazi wa hanga tu. Uliza kama watakuruhusu kuruka na mkufunzi wao angalau mara moja kila miezi mitatu, hata kwa kukatwa mshahara. Weka tarehe ya mwisho: miezi 18, kwa mfano, halafu mnakaa tena mezani.

Jihadhari na kiti cha kushoto, kile cha kando ya rubani. Kabla ya hanga hilo, kuna mahali nililipa fedha yangu ya mwisho ili "nipate saa", kwa ahadi kwamba ajira ingefuata. Nilikaa kiti cha kushoto saa 22, nikaziandika kwa fahari. Baadaye nikaambiwa hazihesabiki. R44 na AS350 zimeidhinishwa kurushwa na rubani mmoja, na asiyekuwa rubani wa safari wala mwanafunzi aliye na mkufunzi ni abiria, hata akishika ramani. Nilizifuta kwa rula na kalamu nyekundu, mstari kwa mstari. Hizo zilikuwa hela za miti ya baba. Ukiombwa ulipe ili uruke na abiria wa mtu mwingine, uliza kwanza saa hizo zitaandikwa safu gani ya logibuku na nani atatia sahihi.

Ualimu

Kwa saa tupu, hakuna njia inayoushinda. Mwanafunzi analipia mashine, wewe mkufunzi unaandika saa kama rubani kiongozi, na unaruka karibu kila siku hali ya hewa ikikubali. Pengo ni siku mbili, tatu. Tena unajifunza kwa kufundisha: ukishamshusha mwanafunzi mara mia moja injini ikiwa imepunguzwa hadi mwisho, mapanga yakizungushwa na hewa inayopanda, mikono yako inalijua jambo hilo hata usiku wa manane. Kama kijana angekuwa na pasi ya nchi yenye vyuo vingi vya helikopta na akiba benki, ningemwambia asifikirie mara mbili.

Lakini "wanaweza kukufikiria" siyo ajira. Ulaya cheti cha ualimu wa helikopta kinataka saa 250, na 100 kati yake uwe rubani kiongozi ukiwa na leseni ya biashara. Marekani, kufundisha kwenye Robinson kunataka saa 200 za helikopta, na viza ya M-1 wanayopewa wanafunzi wa vyuo vya urubani inaruhusu mafunzo ya kazi kwa miezi 6 tu kwa ukomo wake. Miezi sita haikufikishi saa 1,000. Afrika Kusini swali la kwanza ni kibali cha kazi, na vijana wao wenye saa 200 nao wamepanga foleni mlangoni. Na saa moja ya R44 ni mamia ya dola popote utakapokwenda. Kwa hiyo kabla hajalipa hata senti, chuo kimwandikie barua: tukikupa cheti, tutakuajiri kwa masharti haya, na kibali tutaombea sisi. Wakisita kuandika, jibu ameshalipata.

Umeiona hiyo 200 imejitokeza mara mbili? Ndiyo namba inayomfungua kwenye masharti ya upepo ya R44, na ndiyo namba ya kufundishia Marekani. Anapungukiwa saa 37. Akipata hela yoyote, ziende huko, akiwa na mkufunzi, ikiwezekana milimani.

Zile nyingine, kwa kifupi

Jeshi na Polisi wana helikopta na wanafundisha watu wao, na ukishaingia pengo siyo tatizo lako tena. Ila unaingia kama askari kwanza, kwa umri na elimu wanayotangaza, na miaka inapita kabla ya kuona usukani. Leseni ya kiraia haikurukishi foleni. Kwa aliyemaliza kidato cha sita na bado hajauza shamba, ningeiweka juu kabisa. Kwa huyu wa Uyole, imechelewa.

Botswana kuna safari za kuonyesha watalii delta ya Okavango kutoka Maun, na R44 zinatumika. Wenyeji wanapewa kipaumbele, na ni haki yao. Ukienda, nenda ukiwa na fedha ya kurudi.

Na kuna kuhamia ndege za mabawa. Wageni wengi wanaokwenda Ruaha wanapelekwa na Cessna Caravan, na kazi za aina hiyo ni nyingi kuliko za helikopta nchini kwetu. Baadhi ya saa zako zinaweza kuhesabiwa. Nimewaona wenzangu wawili wakihama na wanaishi vizuri. Sikuhama kwa sababu ya mapenzi tu, na mapenzi ni sababu yangu mimi, usiikope.

Nilichomwambia

Nilimwambia achukue hanga, kwa masharti niliyoyataja. Aanze wiki hii kubadilisha leseni yake iwe ya TCAA, maana hata R44 ingekuja kesho, asingeirusha bila hilo, na mtihani wa sheria za anga haumsubiri mtu. Ualimu auache wazi mpaka barua ya chuo ije.

Kuhusu tajiri nilimshauri asimkatalie. Huyo mzee ameonyesha imani kwa kijana wa nyumbani, na watu wa namna hiyo ni wachache. Ampelekee pendekezo jingine: mwaka wa kwanza aajiri rubani mzoefu mwenye cheti cha ualimu, na kijana aruke chini yake, milima ileile, upepo uleule, mpaka huyo mzoefu aseme sasa tosha. Bima yake huenda ikamdai hivyohivyo. Na kabla ya kulipia mashine, amtume fundi akasome vitabu vyake vya matengenezo, ajue imebaki na saa ngapi na miaka mingapi kabla ya kufunguliwa.

Aliandika ujumbe usiku uleule, akanitumia niusome kwanza. Niliondoa "samahani" tatu, nikaacha moja. Tajiri alijibu asubuhi: "Mwanangu nimekusoma. Huyo mzoefu analipwa kiasi gani kwa mwezi?"

Kijana akaniuliza amjibu nini. Nimempa namba za marubani wawili awaulize mwenyewe, na nimemwambia wakati anasubiri majibu yao akate tiketi ya basi la Arusha.